Umuremera: Namna ya Kuutambua Bila Kuubambua

Uliza umuremera mjini Bujumbura, uone utakavyoletewa vitu vitatu tofauti. Muuza mitishamba atakufungulia gazeti lenye vipande vya gome jeusi. Seremala atakuonesha ubao mwekundu, mzito, ulioegemezwa ukutani. Mwenye kitalu kando ya barabara atakuinulia mche wenye majani ya kijani yanayong'aa. Kila mmoja atakuapia kuwa huo ndio wenyewe. Huenda wote wanasema kweli, huenda hakuna hata mmoja, na wewe mnunuzi huna cha kushika ila maneno yao.

Mti huu unastahili kujulikana vizuri kuliko hivyo. Jina lake la kitaalamu ni Prunus africana. Warundi wanauita umuremera, Wanyarwanda umwumba, Wakikuyu mwiri. Ni mti wa asili wa misitu ya milimani, unaopatikana Ethiopia hadi Afrika Kusini, na Kameruni hadi Madagaska, nao ni ndugu wa karibu wa pichi, plamu na lozi. Tangu miaka ya 1970 gome lake limekuwa likisafirishwa kwenda Ulaya kutengenezewa dawa ya wanaume wanaosumbuliwa na uvimbe wa tezi dume. Biashara hiyo ilikula miti mingi, hata mwaka 1995 umuremera ukaingia katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES: tangu hapo gome lake halipaswi kuvuka mpaka bila kibali. Ongeza mbao zake ngumu, zinazopendwa kwa mipini ya majembe na mashoka, na makaa yake, utaona kwa nini kila mtu anautaja na wachache wamewahi kuuona umesimama.

Wale wanaouona mara nyingi huuthibitisha kwa panga. Mtu anachanja shina, ananusa, anatazama rangi ya ndani, anasema ndio wenyewe, anaondoka. Kesho anapita mwingine, anachanja tena. Mti ulio karibu na njia huishia kuwa na makovu kuanzia usawa wa kifua hadi chini, na kupitia makovu hayo wadudu na kuvu huingia. Wakati huohuo, karibu kila kitu ambacho panga linakuambia, jani moja lililookotwa chini lingekuambia. Makala hii inafuata njia ya jani.

Kabla ya kuanza, shika kanuni moja. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu linanyesha. Usitoe jina kwa dalili moja, hata ikiwa kali namna gani. Tafuta dalili tatu zinazojitegemea: kwa mfano jani, kitawi na gome, au jani, harufu na tunda. Zikikubaliana zote tatu, taja jina. Zikigombana, sema hujui.

Vitu vya kubeba

Huhitaji mengi. Beba rula ndogo ya shule, kalamu na daftari, magazeti ya zamani mawili au matatu na simu yenye kamera. Ukipata lenzi ya kukuzia mara kumi, itakusaidia sana kwenye tezi za jani na kwenye mbao. Darubini ya mkononi inafaa kwa miti mirefu, kwa sababu umuremera uliokomaa msituni unaweza kufika mita 30 na zaidi, majani yake yakawa mbali na macho. Panga liache nyumbani.

Hatua ya kwanza: uliza mahali

Kabla hujatazama mti, tazama uliposimama. Ziwa Tanganyika liko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya Bujumbura imelala kwenye uwanda wa Imbo, chini ya mita 1,000. Ukipanda kuelekea mashariki unakutana na miteremko ya Mumirwa, kisha mgongo wa milima unaotenganisha maji ya Kongo na ya Nile, ambao kilele chake, Heha, kinazidi mita 2,600. Mtaalamu wa mimea Jean Lewalle aliieleza ngazi hiyo ya uoto wa Burundi ya magharibi katika kazi aliyoichapisha mwaka 1972, na mpaka leo ndiyo njia rahisi ya kufikiri: kila kimo na miti yake.

Umuremera ni mti wa ngazi za juu. Burundi unautafuta katika misitu ya Kibira na Bururi, na kwenye masalia ya misitu na mashamba ya zamani ya mgongo huo wa milima. Kutoka Bujumbura, Barabara ya Taifa namba 1 inakupandisha hadi Bugarama, kiasi cha kilomita 35, na pale tayari uko juu ya mita 2,000; mashamba ya chai ya Teza yanapakana na Kibira.

Kwa hiyo mtu akikuonesha "umuremera wa asili" kando ya ufuo, Gatumba au Kinindo, anza na shaka. Mti uliopandwa unaweza kuwa popote, lakini uliojiotea wenyewe kwenye joto la Imbo karibu hakika ni mti mwingine. Mahali hapathibitishi jina, ila panakuambia ushahidi mwingine uwe mzito kiasi gani.

Hatua ya pili: majani yamekaaje kwenye kitawi

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na hapa ndipo unapoweza kuondoa nusu ya miti ya msitu kwa dakika moja. Chukua kitawi kilichoanguka, au kamata kilicho karibu bila kukivunja. Jiulize maswali mawili.

La kwanza: je, kila jani ni jani moja, au ni vijani vingi vilivyopangwa kwenye uti mmoja? La umuremera ni jani moja. Ukiona vijani vimejipanga pande mbili za uti, uko kwenye mti mwingine kabisa, labda umuyove, labda msederela. Hakika huwa penye kichipukizi: kinakaa kwenye kwapa la jani zima, hakikai kwenye kwapa la kijani kimoja kimoja.

La pili: majani yanakabiliana mawili mawili, au yanapishana, moja huku na jingine kule? Ya umuremera yanapishana. Yakikabiliana, unashika pengine umugote, ambao nao ni mti wa Kibira wenye majani yanayong'aa na huwadanganya watu wengi wakitazama kwa mbali.

Ukiwa hapohapo, tazama ngozi ya kitawi. Kwenye umuremera ina vidoadoa vingi vilivyoinuka, vya rangi iliyopauka, ambavyo unavihisi ukipitisha kidole. Hivyo ni vitundu vya kupumulia.

Hatua ya tatu: jani lenyewe, kuanzia kikonyo

Soma jani kutoka chini kwenda juu, usianze na umbo.

Kikonyo kina urefu wa sentimita 1 hadi 2, na mara nyingi kina rangi ya waridi au wekundu uliofifia. Rangi hiyo mara nyingi hupanda na kuingia kwenye uti wa katikati. Ni dalili nzuri, na macho huipokea haraka, lakini usiikabidhi kesi yote: miti mingine ya msitu ina vikonyo vyekundu vilevile.

Pale kikonyo kinapokutana na bamba la jani, simama. Tafuta tezi mbili ndogo, moja kila upande wa uti, kama si kwenye kikonyo chenyewe basi kwenye ukingo wa chini kabisa wa bamba. Ni vinundu vidogo kuliko kichwa cha pini. Hapa ndipo lenzi inapolipa. Hazipo kwenye kila jani, kwa hiyo kagua majani kumi kabla ya kusema hakuna. Ukizipata pamoja na dalili nyingine, umekaribia mno.

Bamba lina umbo la yai lililorefuka, sentimita 5 hadi 15 kwa urefu na sentimita 2 hadi 6 kwa upana. Juu ni kijani iliyokolea na inang'aa, chini imepauka. Ncha imechongoka kidogo. Halina manyoya.

Sasa ukingo. Pitisha ukucha polepole kuanzia chini hadi kwenye ncha. Ukingo wa umuremera una meno mafupi, ya duara, yaliyokaribiana, yanayokwaruza kidogo bila kuchoma. Mtu akitazama kwa mbali anaweza kuapa ukingo ni laini, lakini ukucha hautadanganyika. Ukingo ukiwa laini kabisa pande zote, kwenye majani kadhaa, achana na jina la umuremera.

Hatua ya nne: harufu

Chukua jani bichi, lisugue kati ya viganja mpaka litoe maji, subiri kidogo, kisha nusa. Linatoa harufu ya lozi chungu, ileile ya esensi inayotiwa kwenye keki. Inatokana na kemikali ambazo, jani likisagwa, huachia kiasi kidogo cha sayanidi. Ndiyo harufu ambayo watu huitafuta kwa kuchanja shina, na umeipata bila kumwaga tone la utomvu.

Mambo matatu ya kuangalia. Jani lazima liwe bichi, kwa kuwa lililokauka hupoteza harufu. Sugua jani moja kwa wakati mmoja na unawe mikono kabla ya kushika jingine, maana harufu hukaa kwenye kiganja, na jani la pili la mti wowote litakunukia lozi. Na usitafune. Sayanidi ya kwenye jani moja ni kidogo, lakini hakuna sababu ya kufanya ulimi kuwa kipimo.

Kumbuka pia kuwa harufu hii si ya umuremera peke yake. Mfyulisi, yaani mti wa pichi, ni ndugu yake, na majani yake yananukia vivyo hivyo. Unaitenganisha kwa umbo: jani la mfyulisi ni jembamba na refu, la umuremera ni pana katikati.

Hatua ya tano: shina na gome, kwa macho tu

Kwenye mti uliokomaa gome ni kahawia iliyokaribia weusi, limepasuka kwa urefu na kwa upana hadi likagawanyika vipande vya pembe nne, kama mgongo wa mamba. Ukisimama hatua tano kutoka kwenye shina, mpangilio huo wa vipande unaonekana kuliko ukiwa umelibandikia uso. Miti mizee inaweza kuwa na mizizi iliyotanuka chini ya shina.

Mti mdogo hauna sura hiyo. Gome lake bado ni laini kiasi na halijapasuka, hivyo usiukatae kwa sababu ya gome na wala usiukubali. Kwa miti michanga rudi kwenye jani.

Ukikuta kovu la zamani lililoachwa na wengine, litumie. Ndani ya gome mna wekundu unaokolea ukipata hewa. Umeshapewa ushahidi na aliyekutangulia; hakuna haja ya kuongeza kovu lako.

Hatua ya sita: maua na matunda, yakiwepo

Si kila safari utayakuta, ila ukiyakuta yana nguvu kuliko dalili nyingine zote. Maua ni madogo, meupe au ya rangi ya maziwa, yenye harufu nzuri, yamepangwa kwenye mshikano mmoja usiogawanyika, wenye urefu wa sentimita 3 hadi 8, unaotokea kwenye kwapa la jani. Tunda ni dogo, kipenyo cha sentimita 1 hivi, pana kidogo kuliko urefu wake, jekundu linalogeuka kahawia au zambarau iliyokolea likiiva. Ndani mna kokwa moja. Ndege na kima huyapenda, kwa hiyo tazama chini ya mti: kokwa zilizoachwa na wanyama ni ushahidi unaookotwa.

Miti inayowachanganya watu

Umuhangahanga (Maesa lanceolata) ndio unaodanganya zaidi kwenye kingo za msitu na kwenye mashamba yaliyoachwa. Majani yake yanapishana, yana meno, na vikonyo vyake vinaweza kuwa na wekundu. Utengano: haunuki lozi, kwa kawaida ni mti mdogo, maua yake yamo kwenye mishikano iliyogawanyika matawi mengi, na matunda yake ni madogo mno ukiyalinganisha na ya umuremera.

Maesopsis eminii, ambao Waganda wanauita musizi, hupandwa sana kwa mbao. Jani lake linang'aa na lina meno, na hapo ndipo mitego ilipo, hasa kwenye vitalu. Lakini meno yake yameachana zaidi, majani ya kitawi kimoja mara yanapishana mara yanakaribia kukabiliana, gome lake ni la kijivu kilichopauka, na tunda lake ni refu, kubwa zaidi ya mara mbili ya la umuremera. Ukilisugua jani, hupati lozi. Mti huu unavumilia pia joto la nchi za chini, kwa hiyo "umuremera" uliostawi karibu na ziwa uchunguze kwanza kwa jina hili.

Umunazi (Parinari excelsa) ni mti mkubwa wa Kibira. Majani yanapishana, ila ukingo ni laini, na ukigeuza jani upande wa chini ni mweupe au wa kijivu. Kugeuza jani tu kunatosha.

Umugote (jamii ya Syzygium) una majani yanayokabiliana, yenye ukingo laini. Kwenye jani bichi lililoelekezwa juani unaona vidoa vinavyopitisha mwanga.

Umuyove (Entandrophragma excelsum) una majani ya vijani vingi na matunda makavu yanayopasuka na kuachia mbegu zenye bawa. Ukiwa umesimama hauchanganyiki na umuremera. Unachanganyika ukishakuwa ubao.

Kitaluni

Tangu mwaka 2018, mpango wa taifa wa kupanda miti wa "Ewe Burundi Urambaye" umewafanya watu wengi watafute miche, na miche ya asili inatafutwa pamoja na grevilea na mikalitusi. Kitaluni huna gome wala tunda. Una jani tu, na mwenye mche anakutazama.

Omba kwa adabu: "Mama, naomba nichume jani moja la chini."

"Chuma, mwanangu, ila usiniharibie ncha."

Ana haki. Ukivunja ncha, mche unachipua matawi mawili na thamani yake imeshuka. Jani la chini, lililokomaa, ndilo unalolitaka: kagua kupishana, kikonyo, tezi, ukingo, kisha sugua na unuse. Fanya hivyo kwenye miche mitatu au minne ya sehemu tofauti za kitalu, kwa sababu miche huchanganywa wakati wa kuhamishiwa kwenye mifuko.

Kisha uliza mbegu zilitoka wapi na zilipandwa lini. Mbegu ya umuremera haivumilii kuwekwa: ikikaushwa juani au ikikaa muda mrefu kwenye mfuko inakufa. Anayeijua kazi atakuambia alizikusanya kutoka miti fulani, akaondoa nyama ya tunda, akazipanda zikiwa mbichi. Anayekuambia amechota kutoka akiba ya mwaka jana, mche wake ukawa umestawi vizuri, huenda anauza mti mwingine bila kujua. Na kama miche iling'olewa kutoka ndani ya Kibira, usiinunue hata kama jina ni sahihi. Kibira ni hifadhi ya taifa tangu 1980, na miche inayoota chini ya mti mama ndiyo msitu wa kesho.

Kwa seremala

Rangi nyekundu haitoshi. Mbao nyingi nyekundu zinazouzwa Bujumbura hutoka Kongo, zile ambazo maseremala wengi huziita libuyu, na ni za jamii ya umuyove au nyingine zinazofanana nazo. Ubao wa umuremera ukipasuliwa mpya huwa wa waridi iliyopauka, kisha hukolea kadiri unavyokaa kwenye hewa hadi kuwa kahawia-nyekundu. Ni mzito na mgumu, na ukikaushwa vibaya hujikunja.

Mbinu ya kuangalia ni hii: muombe seremala akate ncha ya ubao kwa wembe au kisu kikali sana, kwa kukingama, mpaka uso uwe safi. Lowesha kidogo, tazama. Kwenye libuyu vitundu vya mishipa ya maji vinaonekana kwa macho. Kwenye umuremera ni vidogo, vimesambaa sawasawa, na unahitaji lenzi. Hiyo inakutenganishia makundi mawili. Haikupi jina. Mbao ikishatoka kwenye mti wake, jina la uhakika linatoka maabara au kwenye karatasi za aliyeikata, na mwenye kibali cha kukata hachelewi kukionesha.

Gome la gazetini na unga wa chupani

Kipande kikubwa cha gome chenye uso wa nje kinaweza kuonesha mgawanyiko wa pembe nne na wekundu wa ndani. Hapo una dalili mbili za sehemu moja, kwa hiyo hujatimiza kanuni ya dalili tatu. Gome lililokauka limepoteza sehemu kubwa ya harufu. Unga hauna sura kabisa, na unaweza kuchanganywa na gome lolote jekundu bila wewe kugundua.

Kwa hiyo nasaha ni fupi: usinunue unga kwa kuamini jina. Mzee anayeamka mara nyingi usiku kwenda haja ndogo, au anayekojoa kwa shida, aende hospitali apimwe kwanza. Dalili za uvimbe wa kawaida na za saratani ya tezi dume hufanana mwanzoni, na gome halisi au bandia linaweza kumtuliza mtu wakati ugonjwa unaendelea.

Weka kumbukumbu inayoweza kukaguliwa

Utambuzi mzuri ni ule ambao mtu mwingine anaweza kuupinga akiwa na ushahidi mkononi. Piga picha sita: mti mzima, gome kutoka hatua tano, kitawi kikionesha majani yanavyopishana, uso wa jani pamoja na rula, upande wa chini, na sehemu ya kikonyo kwa karibu ili tezi zionekane. Yakiwepo maua au matunda, ongeza.

Kwenye shamba lako, au kwa idhini ya mwenye shamba, chukua kitawi kimoja kifupi, kitandaze kati ya kurasa za gazeti, geuza jani moja ili upande wake wa chini uonekane, kandamiza kwa vitabu, na ubadilishe gazeti kila siku mpaka kikauke. Andika tarehe, mahali, kimo, urefu wa mti, na harufu uliyoisikia, maana harufu haitakuwepo tena. Ndani ya Kibira au Bururi usichume kitu bila ruhusa ya OBPE, ofisi inayosimamia hifadhi. Huko picha na majani yaliyoanguka yanatosha. Kitawi kilichokaushwa vizuri unaweza kukipeleka Chuo Kikuu cha Burundi, ambako kuna hazina ya mimea iliyokaushwa ya kulinganishia.

Programu za simu zinazotambua mimea kwa picha zisaidie, zisiamue. Zikikuambia Prunus, zimekupa ukoo, na ukoo huo una pichi, plamu na vichaka vya bustani za Ulaya. Rudi kwenye kikonyo, tezi na ukingo.

Ukishauthibitisha

Ukiwa na uhakika na mti uko shambani kwako, uhesabu kama mti wa mbegu. Fyeka nyasi chini yake matunda yanapoiva, okota yaliyoanguka, panda mbegu mapema. Wakija wanunuzi wa gome, jua kwamba kulibambua shina lote kwa duara kunaua mti. Hata pale uvunaji unaporuhusiwa, taratibu zilizotumika nchi za biashara hii ni kutoa vipande vya pande mbili zinazotazamana na kuziacha mbili nyingine, kwenye miti minene tu, kisha kusubiri miaka. Bila kibali, hata hilo usilifanye.

Na jirani akija na panga kutaka kuhakikisha, mpe jani.